Maswali yenu kuhusu Ekaristi: kisusio cha alfajiri, ndoa ya usharikani na mvinyo wa ndizi

Barua za Moshi na Arusha zimetujia kwa wingi safari hii, na karibu zote zinagusa jambo moja. Kuna watu wanaoacha kukomunika (kupokea Ekaristi) kwa sababu ambazo Kanisa halijaziweka, na kuna wanaokomunika ilhali kizuizi cha kweli bado kipo. Tumejibu kwa kufuata Sheria za Kanisa za mwaka 1983, Katekisimu na maelekezo ya Misale, kitabu cha Misa. Barua nyingine tumezifupisha.

Tumsifu Yesu Kristo. Krismasi huwa tunapanda nyumbani Rombo. Misa ya kwanza ni saa 1 asubuhi, lakini alfajiri kisusio (supu ya mbuzi yenye damu) kinakuwa tayari na wazee wanaonja mbege, pombe yetu ya ndizi. Shangazi anasema aliyetia kitu mdomoni baada ya saa 6 usiku asikomunike. Ni kweli?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Milele na milele, amina. Shangazi hajabuni, ila sheria anayoikumbuka ilishabadilishwa. Zamani mfungo ulianza saa 6 usiku na hata maji yalikatazwa. Papa Pius XII aliruhusu maji mwaka 1953, na mwaka 1957 akaufanya mfungo kuwa wa saa tatu. Novemba 1964 Papa Paulo VI akaupunguza hadi saa moja, na ndivyo ulivyo mpaka leo katika kanuni ya 919.

Wengi wanakosea kwenye hesabu. Saa hiyo moja huhesabiwa kurudi nyuma kutoka wakati wa kukomunika, wala si kutoka wakati Misa inapoanza. Misa ya Krismasi ya saa 1, kwa kwaya zetu zilivyo, haifiki kwenye Komunyo kabla ya saa 2, kwa hiyo aliyemaliza bakuli lake saa 1 kasoro robo yuko salama. Angalia Misa za siku za kazi: Misa ya nusu saa hufika Komunyo ndani ya dakika ishirini na kitu, hivyo mtu awe ameacha kula kama dakika arobaini kabla haijaanza. Hapo ndipo chai ya asubuhi inapowakamata watu.

Maji na dawa havivunji mfungo. Chai, kahawa, supu, pipi na mbege vinavunja. Wazee, wagonjwa na wale wanaowauguza wamesamehewa, hata kama wamekula ndani ya saa hiyo, na sheria haikutaja umri ambao uzee unaanzia. Bibi anayepaswa kumeza dawa zake na uji asinyimwe Komunyo na wajukuu wanaojua sheria nusu.

Kuhusu mbege ya jana usiku: kunywa si dhambi, kulewa ni jambo jingine. Aliyelewa hadi akapoteza akili haulizi habari za mfungo, anahitaji kwanza kuungama.

Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho. Niliolewa Machame, ndoa ikafungwa usharikani kwa mume wangu, KKKT (Kanisa la Kilutheri). Tuna watoto watatu na tunaishi vizuri. Paroko aliniambia nisikomunike mpaka "nirekebishe ndoa". Mume anasema ameshafunga ndoa moja mbele za Mungu, hafungi mara ya pili. Nifanyeje? Na yeye akija kanisani kwetu Krismasi anaweza kukomunika?
*Mama wa watoto watatu, Moshi Vijijini*

Mama, barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote, na sababu yake ni ya kihistoria. Wamisionari Wakatoliki walianza Kilema mwaka 1890, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893, na tangu hapo vijiji jirani vimekuwa vya madhehebu mawili huku vijana wakiendelea kupendana bila kuangalia ramani.

Kinachokuzuia si kwamba mumeo ni Mlutheri. Ubatizo wake Kanisa Katoliki linautambua. Tatizo ni kwamba wewe Mkatoliki unabanwa na utaratibu wa Kanisa lako: ndoa ifungwe mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili, na kwa ndoa ya mseto kuwe na ruhusa ya askofu. Askofu angeweza pia kukuondolea sharti la kufungia kwa padri, na ndoa ileile ya usharikani ingekuwa halali kabisa. Tunadhani hilo halikuombwa. Ndoa yako serikalini haina kasoro, ila kwa Kanisa lako haijawa halali bado.

Njia za kuirekebisha ni mbili. Ya kwanza ni kufunga upya mbele ya paroko, baada ya ruhusa kutoka jimboni. Haihitaji kamati, wala send-off, wala ukumbi. Misa ya asubuhi siku ya kazi, au hata ibada bila Misa, na mashahidi wawili inatosha. Tunasema hivi kwa sababu kuna watu wanakaa miaka kumi bila Komunyo wakingoja michango ya sherehe ambayo hakuna aliyewadai.

Ya pili inafaa zaidi kwa mume kama wako. Sheria inaiita kuponya ndoa katika mzizi (kanuni ya 1161 na zinazofuata). Askofu anaihalalisha ndoa iliyopo bila ninyi kurudia maneno ya ahadi, mradi ridhaa mliyopeana siku ile bado ipo. Mumeo hatasimama tena altareni. Hata hivyo asifichwe jambo hili. Usipitie mlango wa nyuma katika nyumba yako mwenyewe.

Paroko ataomba cheti chako cha ubatizo kilichotolewa upya, kwa kawaida kisizidi miezi sita, kwa sababu pembeni mwa kitabu cha ubatizo ndipo huandikwa kipaimara na ndoa. Cheti cha zamani kilichowekwa kabatini hakionyeshi hayo. Chukua pia cheti cha ndoa cha usharikani, cheti cha ubatizo cha mume, na watu wawili wanaowafahamu wa kuthibitisha kwamba hakuna kati yenu aliyekuwa na ndoa nyingine. Wewe utaahidi kulinda imani yako na kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mume anajulishwa ahadi hiyo. Yeye hatakiwi kuitia sahihi. Wanaume wengi hukwama hapa kwa kuambiwa vibaya kwamba "wanalazimishwa kubadili dini". Kukiwa na ndoa ya awali ambayo mwenzake bado yu hai, mambo yanabadilika: shauri linapelekwa mahakama ya Kanisa ya jimbo na huchukua muda.

Ndoa ikishahalalishwa, ungama, kisha komunika Jumapili hiyohiyo. Kwa sasa hudhuria Misa, sali, fanya komunyo ya kiroho (kumwomba Yesu aje moyoni bila kupokea hostia), endelea kwenye jumuiya. Hujatengwa na Kanisa.

Kuhusu mumeo: kwa kawaida, hapana. Kanuni ya 844 inaruhusu Mkristo asiye Mkatoliki apewe Komunyo akiwa katika hatari ya kufa, au katika hitaji kubwa ambalo askofu au baraza la maaskofu wamelikubali, tena kama hawezi kumpata mchungaji wake, ameomba mwenyewe, ana imani ya Kikatoliki juu ya sakramenti hii na yuko tayari kiroho. Krismasi ya familia haimo. Wewe nawe usishiriki Chakula cha Bwana usharikani. Walutheri wanaungama kwamba Kristo yupo kweli katika sakramenti hiyo, na hilo si dogo. Tofauti iliyobaki ni juu ya daraja takatifu (upadri) na juu ya umoja wa Kanisa ambao Komunyo hutangaza. Akae nawe benchini, asali. Hakuna anayemfukuza.

Kigango chetu kiko mlimani, padri anafika mara mbili kwa mwezi. Hostia za tabernakulo (sanduku la kutunzia Ekaristi) zinashika unyevu, mara moja zilikuwa na ukungu. Pia vijana wanauliza kwa nini isitumike mvinyo wa ndizi wakati ndizi ndiyo tunayo.
*Katekista, Marangu*

Tuanze na ukungu. Hostia ni unga wa ngano na maji tu, bila chumvi, hamira, sukari wala mafuta, imeokwa nyembamba kati ya bamba mbili za chuma. Kwa kuwa ni kavu sana inanyonya unyevu wa hewa upesi, na kanisa la saruji lenye ukungu wa mlimani lina unyevu mwingi. Hesabuni wanaokomunika, mwombeni padri akonsekre (aweke wakfu kwenye Misa) zitakazokwisha kabla hajarudi, yaani kama wiki mbili. Siborio, chombo cha kuwekea hostia, iwe na kifuniko kinachobana. Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni kumimina hostia mpya juu ya zile za zamani: za chini hazifikiwi miezi na miezi. Za zamani zigawiwe kwanza hadi ziishe, padri asafishe chombo, ndipo mpya ziingie. Ambazo hazijakonsekrwa ziwekwe kwenye kopo kavu lisilopitisha hewa, mbali na ukuta na mbali na ubani.

Zilizoharibika msizichome wala kuzitupa. Mkabidhini padri, aziyeyushe kwenye maji, kisha maji yamwagwe ardhini mahali pasipokanyagwa, au kwenye shimo takatifu la sakristia kama lipo. Katekisimu (namba 1377) inafundisha kwamba Kristo yupo muda wote maumbo ya mkate na divai yanapodumu. Maumbo yakiisha, kwa kuyeyuka au kuoza kabisa, uwepo huo unakoma. Ndiyo maana maji ndiyo njia yenyewe. Ufunguo wa tabernakulo usiachwe mlangoni, na taa iwake muda wote Ekaristi ikiwemo. Ikiwa tupu, zimeni taa na mwache mlango wazi, watu wasipige goti mbele ya sanduku.

Mvinyo wa ndizi, wa rosela na mbege: hapana, wala hakuna askofu anayeweza kuruhusu. Kanuni ya 924 inataka divai ya asili ya mzabibu, isiyoharibika, na mkate wa ngano tupu. Si dharau kwa ndizi. Kanisa linajiona limefungwa na alichotumia Bwana kwenye Karamu ya Mwisho, na likitumia kingine halina uhakika wa kufanya alichoagiza. Misa hiyo ingekuwa batili. Zabibu za Dodoma ni zabibu kama za Italia, divai yake inafaa ikiwa safi. Chupa ya dukani yenye sukari, ladha au spiriti iliyoongezwa inatia shaka, hivyo chukueni ile iliyopitishwa na jimbo. Iliyofunguliwa iendelee kufungwa vizuri, na kama kuna friji iwekwe humo. Kwa joto la Moshi mjini chupa iliyoachwa nusu huchachuka, na ikishakuwa siki haifai tena.

Wafundisheni watumikiaji kutofautisha vichupa viwili. Divai nyeupe na maji hufanana, na makosa hutokea. Padri akigundua baada ya konsekrasio kwamba kwenye kalisi (kikombe cha divai) mlikuwa na maji, Misale inamwelekeza ayatoe, atie divai na maji kidogo, arudie maneno ya kalisi peke yake. Mkate haukonsekrwi tena.

Mama amelala kitandani tangu kiharusi. Mhudumu wa Ekaristi ataanza kumletea Komunyo. Tuandae nini? Wakati mwingine anapaliwa.
*Binti yake, Majengo, Moshi*

Pole, dada. Andaa meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa mmoja, glasi ya maji na kijiko. Zima redio. Mtu mmoja amngoje mhudumu njiani, kwa maana anatakiwa aje moja kwa moja kutoka kanisani, asisimame dukani wala kuanza salamu ndefu. Mama hafungi, na wewe unayemuuguza hufungi.

Kabla ya Komunyo mpe kijiko kimoja cha maji akiwa ameinuliwa, si akiwa amelala chali. Akimeza vizuri, apewe kipande kidogo tu cha hostia, labda robo, halafu kijiko kingine cha maji. Kipande kidogo ni Kristo mzima sawa na hostia nzima. Maji yakirudi au akianza kukohoa, msilazimishe. Mwambieni padri, maana asiyeweza kumeza mkate anaweza kupewa matone ya Damu Takatifu kwa kijiko. Akiitema hostia, ipokee kwenye kitambaa safi, itie kwenye glasi ya maji, na mhudumu airudishe kanisani.

Jambo moja ambalo familia nyingi huchelewa: Mpako wa Wagonjwa unatolewa na padri pekee, wala mhudumu wala shemasi hawezi. Kiharusi kinatosha kuwa sababu, msingoje akate kauli. Watu huogopa kumwita padri wakidhani wanamtangazia mgonjwa kifo, halafu anaitwa akiwa hajitambui, hawezi kuungama wala kupokea Ekaristi kama masurufu ya safari, yaani Komunyo ya anayekaribia kufa. Mwiteni angali anaongea.

Nasoma kemia chuoni. Hostia ikipelekwa maabara itaonekana ni wanga na protini ya ngano. Sasa kimebadilika nini?
*Kijana, Njiro, Arusha*

Maabara itasema kweli, na Kanisa halitashangaa. Mafundisho yaliyotamkwa kwenye Mtaguso wa nne wa Laterano mwaka 1215 na kuthibitishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ni kwamba kinachogeuka ni kiini, yaani kile kinachokifanya kitu kuwa ndicho. Maumbo yanabaki: rangi, ladha, uzito, wanga, kileo. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa siliaki (mwili usiovumilia gluteni, protini ya ngano) ataumwa na hostia iliyokonsekrwa kama atakavyoumwa na chapati. Kwa ajili yake Kanisa linaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana (isiyo nayo kabisa haifai, jambo lililorudiwa kwa waraka wa mwaka 2017) au kukomunika kwa kalisi peke yake.

Tunaamini kwa neno la aliyesema "Huu ndio mwili wangu", si kwa kipimo. Na neno hilo halikusemwa juu ya kitu cha kutazama tu. Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 11, anawakemea watu waliokuwa wakila Karamu ya Bwana mmoja akiwa na njaa na mwingine amelewa, na hapohapo ndipo anapowaonya juu ya kula bila kuupambanua Mwili. Imani sahihi juu ya hostia na jirani mwenye njaa, kwa Paulo, ni somo moja.

Kaka yangu na mimi tuna kesi ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) kwenye baraza la ardhi. Kwenye jumuiya wananiambia nisikomunike mpaka kesi iishe.
*Baba, Uru*

Kesi si dhambi. Kudai haki kwenye baraza kwa ushahidi wa kweli ni halali, hata dhidi ya ndugu. Dhambi inaweza kuwa ndani ya namna ya kuidai: shahidi wa kununuliwa, masale (mimea inayopandwa kuonyesha mpaka) yaliyong'olewa usiku, au kumtakia kaka mabaya. Hayo yanaungamwa, na kilichochukuliwa kinarudishwa. Kuungama peke yake hakurudishi ardhi.

Injili ya Mathayo 5:23-24 inamwambia mwenye sadaka aende kwanza akapatane na ndugu yake. Sehemu yako ni kwenda. Kwetu njia inajulikana: unachukua jani la sale, ishara ya kuomba amani, unakwenda na mzee mmoja mnayemheshimu wote. Akikataa, umefanya lako, kukataa kwake hakukufungii Komunyo. Lakini kama kila mnapopeana amani kwenye Misa unageukia upande asipokaa yeye, usijidanganye kwamba ulishakwenda.

Na jumuiya isigeuke mahakama. Anayeamua juu ya dhamiri yako ni wewe pamoja na muungamishi wako. Kanuni ya 916 inamtaka anayejua ana dhambi ya mauti aungame kabla ya kukomunika. Dhambi nyepesi hazizuii. Kwa anayekomunika kila wiki, kuungama mara moja kwa mwezi ni desturi nzuri, ila sheria haidai kuungama kabla ya kila Komunyo.

Majibu mafupi

*Nimekomunika kwenye Misa ya mazishi Jumamosi asubuhi. Jioni naenda Misa ya Jumapili. Naweza tena?* Ndiyo, mara ya pili ndani ya siku moja inaruhusiwa mradi uwe umeshiriki Misa hiyo ya pili. Mara ya tatu hapana, isipokuwa katika hatari ya kufa.

*Hostia ikianguka?* Simama, usiikanyage, mwachie mhudumu aiokote. Damu Takatifu ikimwagika, mahali hapo huoshwa kwa maji na maji hayo humwagwa kwenye shimo takatifu.

*Nikishakomunika naweza kuwahi kifodi (gari la abiria)?* Maumbo ya mkate hudumu mwilini kama dakika kumi hadi kumi na tano. Kifodi kingine kitakuja.

*Kuombea marehemu Misa ni shilingi ngapi?* Misa haiuzwi. Kiwango cha sadaka ya nia hupangwa na maaskofu wa kanda ya Kanisa na kubandikwa ofisini. Ni mchango kwa padri na Kanisa, na kanuni ya 945 inawahimiza mapadri waadhimishe kwa nia za maskini hata bila sadaka. Kama huna kitu, nenda ofisini useme hivyo.